Dubu Hana Shida na Wewe, Ana Shida na Begi Lako: Mafunzo Niliyopata Milima ya Sierra Nevada

Sisi tuliokulia Moshi tunajua kwamba mwizi wa mlimani ni kunguru. Yule mwenye shingo nyeupe hufika kambini kabla yako, akatua juu ya jiwe na kusubiri ugeuze uso. Ataondoka na biskuti au kipande cha mkate, wagumu, yaani wapagazi, watamcheka mgeni kidogo, basi yamekwisha. Nilipohamia California na kuanza kutembea Sierra Nevada na shanta mgongoni, nilikuta mwizi wa daraja jingine kabisa. Huyu huchukua begi zima, akaliburuta hadi vichakani, akalichana na kumaliza chakula chote cha safari. Mwenyewe akiamka yuko mwendo wa siku mbili kutoka barabarani, hana hata chumvi. Haya ndiyo niliyojifunza huko.

1. Dubu anapiga hesabu ya tumbo.

Dubu waliobaki California huitwa weusi, ingawa wengi wao wana manyoya ya kahawia. Yule mkubwa wa kutisha, grizzly, wa mwisho kujulikana jimboni aliuawa mwaka 1922, na siku hizi yuko kwenye bendera tu. Dubu mweusi anakula majani, matunda ya msituni, mbegu, wadudu na mizoga. Majira ya joto yakielekea mwisho, anapojiandaa kulala msimu wote wa baridi, anaweza kula hadi kalori 20,000 kwa siku. Kuzipata kwa kuchuma tunda mojamoja ni kazi ya kutwa kucha. Sasa upepo ukimletea harufu ya siagi ya karanga, jibini na nyama kavu, vyote vimefungashwa pamoja na vinamsubiri chini ya mti, wewe unategemea aende wapi?

2. Kwa pua yake, dawa ya meno nayo ni chakula.

Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Mtu anaficha wali na maharage vizuri, kisha analala na dawa ya meno, losheni ya jua, mafuta ya midomo na sabuni ndani ya hema. Karatasi ya chokoleti mfukoni inatosha kumleta. Sheria za hifadhi ziko wazi: chochote chenye harufu, kiwe kinaliwa au hakiliwi, kinahifadhiwa pamoja na chakula, na takataka vilevile.

Nina rafiki wa Kisumu ambaye hawezi kupanda mlima bila omena, yaani dagaa. Nilimsihi aiache. “Ndugu yangu,” akaniambia, “hii imetoka kwa mama, haiachwi nyumbani.” Tuliifunga kwenye mifuko mitatu ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, na bado mimi mwenye pua ya binadamu niliisikia kila tulipofungua kopo gumu la kuhifadhia chakula. Lakini ilikuwa ndani ya kopo, na hilo ndilo lililokuwa muhimu.

3. Kamba juu ya mti ni mbinu ya zamani.

Wazee wa safari hizi watakuelekeza kutundika chakula: mifuko miwili yenye uzito sawa, mmoja kila upande wa tawi, bila ncha ya kamba inayofikika kutoka chini. Ni ufundi mzuri na unapendeza kuutazama. Tatizo ni kwamba dubu wa hifadhi ya Yosemite, iliyomo humohumo Sierra Nevada, nao waliutazama, miaka na miaka. Walijifunza kutafuna kamba na kuvunja matawi, na mama akiona tawi ni jembamba humpandisha mtoto wake mwepesi akaangushe mifuko. Ndiyo maana leo ukilala porini Yosemite unatakiwa kubeba kopo gumu lililoidhinishwa, na faini ya kutohifadhi chakula ipasavyo inaweza kufika dola 5,000.

4. Lijue kopo lako kabla hujalihitaji.

Kopo hilo ni pipa dogo la plastiki ngumu, pana na laini kiasi kwamba meno hayapati pa kushika na kucha zinateleza. Halina mpini. Uzito wake ni kama kilo moja na robo likiwa tupu, na kila mtu hulilalamikia siku ya kwanza. Aina ya zamani ninayoipenda, Garcia, ina vifungo viwili vya chuma kwenye mfuniko, na kila kimoja hugeuzwa kwa sarafu. Mimi hutumia shilingi mia mbili ya Tanzania, ile yenye simba. Unaiingiza kwenye mfereji, unazungusha, unasikia kifungo kikiachia. Asubuhi yenye barafu vidole vimekufa ganzi, na sarafu ikidondoka kwenye majani utaitafuta kwa magoti huku chai inakungoja.

Pa kuliweka napo pana kanuni. Lisikae ndani ya hema wala mlangoni; lisogeze kama hatua arobaini hivi, chini, mahali tambarare. Usilifunge kamba, maana kamba ndiyo itakayompa dubu mahali pa kulivutia. Usiliweke ukingoni mwa genge wala kando ya mto. Yosemite kuna dubu waliogundua kwamba kisichopasuka kwa meno kinaweza kupasuka kikianguka, wakawa wanayasukuma makopo yaporomoke.

Na usidhani kopo ndilo mwisho wa akili ya mnyama. Katika milima ya Adirondack, jimbo la New York, alikuwepo dubu jike mdogo wa mwili ambaye watu walimwita Yellow-Yellow kwa sababu ya alama za njano masikioni. Alijifunza kufungua makopo ya BearVault, ambayo mfuniko wake hujifunga kwa kibonyezo. Kampuni ikaongeza kibonyezo cha pili, naye akakiweza hicho pia. Aliuawa na mwindaji mwaka 2012. Nikiri kwamba namhusudu kidogo, kwa sababu nimewaona watu wazima wenye digrii wakishindwa na mfuniko huohuo.

5. Begi tupu liache wazi.

Zipu zote zifunguliwe na mifuko ya pembeni pia. Dubu akipita usiku ataingiza pua, ataona hamna kitu, ataendelea na safari yake. Ukilifunga atalipasua ili ahakikishe. Tulipopiga kambi kando ya ziwa, jirani yetu mmoja aliacha shanta yake imefungwa na vitafunio ndani, akaenda kuvua samaki mchana kweupe. Tuliyoyakuta baadaye vichakani: mkanda mmoja wa begani, unga wa maziwa umesambaa kwenye miiba ya misonobari, na tyubu ya dawa ya meno yenye matundu manne yaliyopangika vizuri, mawili juu, mawili chini. Kuokota uchafu wote huo ni jukumu la mwenye begi. Tulimsaidia, ilichukua jioni nzima.

6. Piga kelele mapema au nyamaza.

Dubu mweusi akikaribia kambi na hajagusa kitu, simameni pamoja, pigeni makelele, gongeni sufuria, mpeni nafasi ya kukimbilia. Mara nyingi ataondoka. Akishakitia chakula mkononi, kimekuwa chake, usijaribu kumnyang'anya. Mwenye watoto usimkaribie kabisa. Mahali penye grizzly, kama Yellowstone, kanuni ni tofauti na dawa ya kumpulizia dubu hubebwa kiunoni, ilhali Yosemite dawa hiyo hairuhusiwi. Uliza kabla hujaingia.

7. Anayelipa deni ni dubu.

Hili ndilo lililobadilisha jinsi ninavyofunga mzigo. Ukiibiwa chakula, utashuka na njaa, utanunua begi jipya. Dubu aliyeonja atarudi kambini kesho na keshokutwa, kila siku akiogopa watu kidogo kuliko jana. Kumhamisha hakusaidii sana, kwani wengi hurudi au huendeleza tabia hiyohiyo waendako. Mwishowe wenye hifadhi humuua.

Na tabia hiyo waliifundisha watu. Tangu miaka ya 1920 hadi 1940, Yosemite palikuwa na mahali maalumu ambapo dubu walimwagiwa mabaki ya vyakula ili watalii wawatazame. Mwaka 1998 hifadhi hiyo ilirekodi matukio zaidi ya 1,500 ya dubu na hasara ya zaidi ya dola 600,000, nyingi zikiwa za magari yaliyong'olewa milango. Mwaka uliofuata serikali kuu ikaanza kutoa fedha za kushughulikia jambo hilo: makabati ya chuma kambini, elimu, askari wa doria. Watafiti waliopima nywele na mifupa ya dubu waliozoea vyakula vya watu, wakachapisha matokeo mwaka 2014, walikuta kwamba katika miaka ya 1975 hadi 1985 chakula cha binadamu kilikuwa kama asilimia 35 ya mlo wao. Baada ya 1999 kilishuka hadi asilimia 13, kiwango cha karibu karne moja nyuma. Miaka ya karibuni matukio yanahesabika kwa makumi. Dubu ni walewale. Kilichobadilika ni namna watu wanavyohifadhi chakula.

Kwa hiyo ndugu zangu mlioko Marekani, mnaoanza kupenda milima ya huku: Yosemite kopo hukodishwa palepale unapochukua kibali cha kulala porini, kwa fedha kidogo kuliko chakula cha mchana mjini. Likodini, na mjaribu kulifungua mkiwa bado kwenye maegesho.