Nyama Si Peke Yake: Protini na Misuli ya Familia Yako

Mtu akidhoofika, majirani husema, "Mpeni nyama apate nguvu." Nyama ni nzuri, lakini maharage, dagaa na mayai pia hujenga misuli tukijua kuyapanga.

Protini hufanya nini?
Protini huundwa kwa asidi amino za aina 20. Kati ya hizo, 9 lazima zitoke kwenye chakula. Mojawapo, lusini, ndiyo huuamsha mwili uanze kujenga msuli.

Mayai, maziwa, samaki na nyama
Vyakula hivi vina asidi zote 9 kwa wingi, na humeng'enywa kwa urahisi. Yai moja lina protini gramu 6 hivi. Kikombe cha maziwa, gramu 8. Dagaa wakavu hawana bei kubwa, na kwa kuwa huliwa pamoja na miba yao, huimarisha mifupa pia.

Mikunde na nafaka
Mahindi yana upungufu wa laisini, mojawapo ya zile asidi 9. Maharage yanayo tele. Maharage nayo yana upungufu wa asidi nyingine, methionini, ambayo mahindi huiongeza. Ndiyo maana makande ni chakula cha maana. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina protini gramu 15 hivi. Lusini ya mikunde ni kidogo kuliko ya maziwa, hivyo pakua ya kutosha.

Mtazame bibi
Asubuhi chai ya rangi na muhogo, mchana ugali na mchicha, usiku maharage vijiko viwili. Ameshiba, lakini misuli yake ina njaa. Uzeeni misuli huchelewa kuitikia protini, kwa hiyo kila mlo uwe nayo:

- Asubuhi: kikombe cha maziwa na yai.
- Mchana: ugali na kikombe kizima cha maharage.
- Jioni: wali na konzi ya dagaa, au mchicha uliotiwa karanga.

Kiasi gani?
Mtu mzima huhitaji angalau gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake: mwenye kilo 60, gramu 48 kwa siku. Wazee na wafanya kazi nzito huhitaji zaidi. Mwenye ugonjwa wa figo amwone kwanza mhudumu wa afya.

Misuli hutaka kazi
Chakula peke yake hakitoshi. Msaidie bibi kuinuka na kukaa kitini mara 10, asubuhi na jioni. Miguu itakayopata nguvu hapo ndiyo itakayomfikisha msalani bila kushikwa mkono.