Kurefusha Njia ya Tramu: Anzia Chini ya Barabara

Mwongozo huu ni wa afisa mipango miji, mhandisi na mpimaji waliokabidhiwa kazi ya kurefusha reli nyepesi hadi pembezoni mwa mji. Kazi hiyo isianze kwa kupanga vituo kwenye ramani. Ianze kwa kujua kilichofukiwa barabarani: mabomba ya maji, mifereji ya maji taka, nyaya za umeme na za simu. Bomba likipasuka chini ya reli, fundi hawezi kulifikia bila kusimamisha tramu, kwa hiyo mabomba huhamishwa mapema.

Edinburgh, Uskochi, ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Tramu yake ilikusudiwa kutoka uwanja wa ndege hadi Newhaven, ufukweni. Kuhamisha mabomba alipewa mkandarasi mmoja, kujenga reli akapewa mwingine; wa kwanza alipochelewa, wa pili alikuta njia haiko tayari, na ugomvi wa mikataba ukafuata. Tramu ilipozinduliwa mwaka 2014 ilikuwa na kilomita 14 tu, ikaishia katikati ya mji, kwa pauni milioni 776. Makadirio ya mwaka 2003 yalikuwa milioni 375. Walioumia zaidi, kwa maoni yangu, ni wenye maduka wa Leith Walk, mtaa ulio kwenye njia ya kwenda Newhaven: barabara yao ilichimbwa, wateja wakapungua, na tramu yenyewe haikufika.

Halmashauri ilipoidhinisha kipande cha Newhaven mwaka 2019, ilibadili utaratibu. Kila sehemu ya barabara ingefungwa mara moja tu. Mabomba, reli na lami vikamilike, ndipo ifunguliwe. Ufungaji wa namna hiyo ni mrefu, na mkazi ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi tangu siku ya kwanza. Wafanyabiashara nao walitengewa msaada kabla mashine hazijafika. Tenga wako mapema vilevile, na uutaje kwenye bajeti kwa jina lake, usiufiche ndani ya fungu la dharura. Kipande hicho cha kilomita 4.69, chenye vituo vinane, kilifunguliwa Juni 2023 ndani ya bajeti ya pauni milioni 207, ingawa janga la Uviko lilisimamisha kazi kwa muda.

Hakikisha pia mabehewa na karakana vinatosha. Edinburgh ilikuwa imenunua tramu 27 za njia nzima tangu awali, hivyo haikuhitaji nyingine. Addis Ababa, iliyozindua reli yake mwaka 2015, ilipungukiwa vipuri na treni nyingi zikalala. Kwa hiyo mkataba wa vipuri utiwe saini pamoja na ule wa ujenzi.

Mwisho, makaburi. Katika mtaa wa Constitution huko Edinburgh, kando ya kanisa la kale la Leith, wanaakiolojia walifukua mabaki ya mamia ya watu waliozikwa karne nyingi zilizopita, kabla reli haijapita hapo. Kwetu wafu wengi wana ndugu walio hai. Tembea njia nzima kwa miguu pamoja na wazee wa mtaa na viongozi wa dini, waulize nani amelala wapi, na uandike majibu yao kabla mpimaji hajapiga kigingi cha kwanza. Kaburi likilazimika kuhamishwa, familia zishirikishwe katika tarehe, ibada na mahali papya pa kuzika.