MGANGA HAJIGANGI: ULEZI WA WASHAURI NASAHA CHIPUKIZI NA NAFASI YA LUGHA

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mganga hajigangi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha mtu kwamba ujuzi wake, hata uwe mkubwa namna gani, haumtoshi yeye mwenyewe. Katika taaluma ya ushauri nasaha methali hii inabeba maana mbili. Ya kwanza ni kwamba anayeyasikiliza majonzi ya watu kutwa kucha hana budi kuwa na mahali pa kuutua mzigo wake. Ya pili, ambayo haitajwi sana, ni kwamba hawezi kuyasikia makosa ya sikio lake mwenyewe.

Makala haya yanachunguza ulezi wa kitaaluma anaopewa mshauri nasaha katika miaka yake ya mwanzo kazini. Hoja inayoendelezwa ni kwamba kazi kuu ya mlezi si kumwongezea mwanagenzi nadharia. Nadharia amekwisha kuisoma chuoni. Kazi ya mlezi ni kuwa sikio la pili: kumsaidia kusikia kile ambacho mteja amekisema kwa mafumbo, na kumtia moyo wa kuuliza kwa lugha ya wazi pale ambapo kunyamaza kunaweza kugharimu uhai. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hii ni ya lugha, mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kuifuatilia.

Maana ya istilahi

Ni muhimu kwanza kutofautisha msimamizi na mlezi. Msimamizi huangalia kama kazi imefanywa kwa mujibu wa kanuni. Husoma kumbukumbu za vikao, hutathmini, na huweza kumzuia mwanagenzi kuendelea na mteja fulani. Mlezi naye huangalia mtu anayeifanya kazi hiyo. Humwuliza analalaje, ni mteja yupi anayemwogopa, na ni kwa nini kikao fulani kilimkatiza kauli. Mtu mmoja anaweza kuzishika nafasi zote mbili, lakini akizichanganya bila kujua, mwanagenzi ataficha makosa yake kwa kuhofia alama. Mficha uchi hazai. Asiyesema alipokosea hapati msaada.

Kiswahili hakikukosa maneno ya uhusiano wa namna hii. Katika jamii za pwani, msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa kungwi au somo, mwanamke mwenye makamo aliyemfunza mambo ya utu uzima na kuzitunza siri zake. Inavutia kuona kwamba umbo hilo hilo, somo, hutaja pia kile kinachofundishwa darasani na rafiki mwandani. Mafunzo, mfunzaji na urafiki vinakutana katika neno moja. Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka wake. Kungwi alimkabidhi mwari desturi iliyokwisha kukamilika, naye mwari alitarajiwa kuifuata. Mlezi wa mshauri nasaha hatakiwi kutoa nakala yake mwenyewe. Lengo lake ni kumwezesha chipukizi kuipata sauti yake bila kumdhuru mteja njiani.

Chimbuko la ulezi katika taaluma

Wazo kwamba tiba ya maongezi haifundishwi kwa vitabu pekee lina umri wa takriban karne moja. Mwaka 1920, Max Eitingon na Karl Abraham walifungua kliniki mjini Berlin. Katika miaka iliyofuata, mafunzo ya pale yalisimama juu ya mafiga matatu: mwanafunzi alihudhuria masomo ya nadharia, yeye mwenyewe alipitia uchanganuzi wa nafsi, na wagonjwa wake wa kwanza aliwahudumia chini ya uangalizi wa mtaalamu mkongwe. Mpangilio huo ulienea katika nchi nyingine.

Hatua nyingine ilipigwa na Carl Rogers nchini Marekani. Alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Ohio State, vikao vya ushauri vilirekodiwa kwa santuri. Kitabu chake cha mwaka 1942 kilichapisha mazungumzo yote ya vikao vinane na mteja mmoja aliyepewa jina la Herbert Bryan. Kabla ya hapo mlezi alitegemea simulizi ya mwanagenzi kuhusu yaliyotokea chumbani, na simulizi huchujwa na kumbukumbu na haya. Kwa kurekodi, maneno yenyewe yaliwekwa mezani. Iliwezekana kuonyesha ni wapi mshauri alimkatiza mteja, ni wapi alihubiri badala ya kusikiliza, na ni swali lipi lililoufunga mlango. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataitambua mbinu hii, kwani naye hurekodi utendaji ili kuepuka kutegemea muhtasari wa msimulizi.

Funzo kutoka Harare

Mfano mwingine unatoka Zimbabwe. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kufanya kazi na nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Nyanya hao hawakuwa na shahada. Walifunzwa njia rahisi ya kumsaidia mtu kutatua matatizo, kisha wakawa wakiketi na wateja kwenye benchi karibu na zahanati, huku kazi yao ikisimamiwa na wataalamu. Mpango huo ulipata jina la Benchi la Urafiki. Utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare, ukihusisha watu 573 na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa kwenye benchi walikuwa na dalili chache za maradhi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni lugha ya mpango huo. Nyanya wa Harare hutumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Hatua za huduma nazo zina majina ya Kishona: kuvhura pfungwa, kuifungua akili; kusimudzira, kumwinua mtu; na kusimbisa, kumtia nguvu. Msemaji wa Kiswahili anayesikia "pfungwa" huenda akakumbuka kufungwa, ingawa katika Kishona neno hilo lina maana ya mawazo au akili. Penye wazee haliharibiki neno, na hapa wazee ndio waliokuwa na neno lenyewe. Ulezi basi ulikwenda pande mbili: mtaalamu aliwapa nyanya utaratibu, nao walimpa msamiati ambao mteja angeuelewa bila kuona aibu.

Hali nchini Kenya

Nchini Kenya, haja ya washauri nasaha ilijitokeza waziwazi baada ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 mjini Nairobi, lililoua zaidi ya watu 200. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 na shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015 ziliongeza haja hiyo. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ilipitishwa mwaka 2014. Mwaka 2020, jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa.

Licha ya hatua hizo, pengo moja halijazibwa. Mwanagenzi husomea taaluma yake kwa Kiingereza, kisha hukutana na mteja anayeumwa kwa Kiswahili, Kikamba au Kidholuo. Istilahi za Kiswahili zenyewe hazijatulia. Hali moja huitwa sonona na wengine, mfadhaiko au huzuni kuu na wengine, huku msongo wa mawazo ukitumiwa kwa hali mbili au tatu tofauti. Mteja hatumii hata mojawapo ya istilahi hizo. Yeye husema ana mawazo, moyo wake ni mzito, kichwa kinamzunguka, au halali.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini unaeleza kinachoweza kutokea. Mwanagenzi katika hospitali ya kaunti anampokea mama wa makamo. Mama anasema, "Moyo wangu ni mzito, binti yangu. Usiku nahesabu mabati. Nimechoka na dunia." Mwanagenzi anamjibu, "Usijali, mama, mambo yatakuwa sawa," kisha anaandika kwamba mteja analalamikia moyo na ukosefu wa usingizi, na kwamba anafaa kumwona daktari wa moyo. Jioni anamsomea mlezi wake kumbukumbu hizo.

"Ulipomwambia asijali," mlezi anauliza, "ulikuwa ukimtuliza nani?"

Mwanagenzi ananyamaza kidogo. "Labda mimi mwenyewe, Mwalimu."

"Na aliposema amechoka na dunia, ulimwelewaje?"

"Niliogopa kumwuliza. Niliona nikitaja kifo nitamtia wazo ambalo hakuwa nalo."

"Wazo hilo kama lipo, mwanangu, hukumpa wewe. Ukimwuliza, unamwondolea upweke wa kuwa nalo peke yake. Mpigie simu sasa hivi, nami nitakaa hapa."

Katika mazungumzo haya mafupi mlezi anafanya mambo matatu. Anamwonyesha mwanagenzi kwamba faraja ya haraka huweza kuwa njia ya msikilizaji kujikinga. Anamfunza kusoma sitiari: moyo mzito si lazima uwe moyo wa daktari. Zaidi ya yote, anamwachisha woga wa tafsida.

Tafsida kama hatari

Katika darasa la fasihi, tafsida husifiwa kwa kuwa huhifadhi adabu. Katika chumba cha ushauri tafsida huweza kuwa pazia linaloficha hatari. "Nimechoka na dunia," "laiti ningelala nisiamke," na "mtanikumbuka" ni kauli zinazosemwa kila siku, na mara nyingi hazina uzito. Mara nyingine zina uzito wote. Mshauri hawezi kujua bila kuuliza, na hawezi kuuliza kwa tafsida nyingine. Swali linalofaa ni la wazi na la upole: "Je, umefikiria kujiua?" Likijibiwa kwa ndiyo, huulizwa kama mtu ana mpango, kama ana kifaa cha kutekelezea, na ni nani anayeweza kukaa naye. Utafiti umeonyesha kwamba kumwuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Wanagenzi wengi husoma jambo hili, lakini ulimi hukataa kulitamka mbele ya mtu anayelingana na mama yao. Ulimi huo hufunguliwa kwa mazoezi mbele ya mlezi, neno kwa neno, katika lugha ya mteja.

Sheria nayo ilichangia ukimya huo. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na hivyo mteja alikuwa na sababu ya kuficha. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mlezi aliyefunzwa chini ya sheria ya zamani ana wajibu wa kujifunza upya ili asimrithishe mwanagenzi woga uliopitwa na wakati.

Mipaka na kasoro za ulezi

Ulezi usipoangaliwa huzaa maovu yake. Wapo walezi wanaomgeuza chipukizi kuwa mbeba mkoba, na wapo wanaomsifu kila mara ili apendezwe nao. Hao wa pili hawana nafuu kuliko wa kwanza: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Usiri nao unahitaji uangalifu. Kumbukumbu zinazosomwa mbele ya mlezi ziondolewe jina la mteja, na kikao kisirekodiwe bila idhini yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Aidha, gharama ya usimamizi mara nyingi humwangukia mwanagenzi ambaye mshahara wake ni mdogo au haupo. Vikao vya rika, ambapo washauri wanne au watano hukutana kujadili kazi yao chini ya mlezi mmoja, hupunguza gharama hiyo, ingawa haviwezi kuchukua nafasi ya mazungumzo ya wawili pale jambo linapokuwa zito.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ulezi wa mshauri chipukizi ni malezi ya usikivu, na kwamba usikivu huo una lugha. Berlin ilichangia utaratibu, Ohio ikachangia ushahidi wa maneno yenyewe, na Harare ikathibitisha kwamba msamiati wa wazee ni nyenzo ya tiba. Wasomi wa Kiswahili wanaweza kuchangia kwa kukusanya semi ambazo watu huelezea maumivu ya nafsi kila eneo, kupatanisha istilahi zinazogongana, na kuandaa maswali ya wazi yasiyokiuka adabu. Kazi hiyo ikifanywa, mwanagenzi na mlezi wake watakuwa na maneno ya kushika mkononi siku mteja atakaposema amechoka na dunia.

Maswali ya kujadiliwa

1. Eleza tofauti kati ya mlezi, msimamizi na kungwi. Ni sifa zipi za kungwi zinazofaa, na zipi zisizofaa, katika ulezi wa mshauri nasaha?
2. Kusanya semi tano za Kiswahili au za lugha yako ya kwanza zinazoeleza huzuni kwa kutaja viungo vya mwili. Fafanua jinsi mgeni anavyoweza kuzielewa vibaya.
3. "Tafsida huhifadhi adabu lakini huweza kuficha hatari." Jadili kauli hii kwa kurejelea mazungumzo ya mwanagenzi na mlezi wake.