Dondoo muhimu: Nyasi bandia kwenye ukumbi wa barafu

Katika miji midogo ya Minnesota na Kanada, kumbi nyingi za hoki hukaa bure barafu ikishayeyushwa. Kamati inayotaka kutandika nyasi bandia ili watoto wacheze soka humo wakati wa kiangazi izingatie haya.

Msitoboe sakafu ya zege hata kidogo. Ndani ya zege hilo mna mabomba yanayopitisha maji ya chumvi au glikoli ya kugandishia barafu. Msumari mmoja ukilifikia bomba, itabidi zege livunjwe ili kuliziba. Nyasi zitulie kwa uzito wake wenyewe, na vipande viunganishwe kwa mikanda inayobanduka.

Chagueni nyasi fupi zenye sponji upande wa chini, zisizojazwa chembe za mpira. Chembe hizo hujificha kwenye mifereji na chini ya mbao za pembeni, na kuziondoa zote kabla ya barafu mpya ni kazi ya kuchosha mno.

Uwanja wa kawaida wa hoki huko ni mita 61 kwa 26, kona zake za mviringo. Pimeni kila kona kabla ya kukata.

Zaidi ya yote, ogopeni unyevu. Acheni zege likauke kabisa, feni na mashine za kukausha hewa zikiwashwa. Zulia la nyasi likikunjwa bichi huota ukungu. Basi tafuteni stoo kavu kwanza, ndipo mnunue. Mabunda ya nyasi ni mazito na huhitaji foklifti.

Mkitaka besiboli pia ichezwe humo, ongezeni nyavu juu ya vioo vya pembeni.