Kindi Mtunza Ghala

Kindi wa kwetu twamjua, maana hufukua karanga na mbegu za mahindi kabla hazijaota. Mwezi huu na tujifunze habari za jamaa yake akaaye mashariki ya Marekani na Kanada, misituni na katika bustani za nyuma ya nyumba. Huko huitwa chipmanki.

Ni mnyama mdogo, uzito wake hupata gramu 100 hivi. Rangi yake ni hudhurungi, na mgongoni ana milia mitano myeusi. Mtu atakaye kumjua hana haja ya mtego. Aketi kimya asubuhi karibu na ukuta wa mawe au rundo la kuni, naye atamwona akitoka. Lakini akiona mwewe au paka, hulia kwa sauti kali ya kukatakata, akakimbilia shimoni.

Ndani ya mashavu yake mna mifuko miwili. Huijaza mbegu na kokwa hata kichwa huonekana kama kimevimba, kisha huenda kuzimwaga shimoni. Shimo hilo ni refu, nalo lina chumba cha kulala kilichotandikwa majani makavu, tena lina nafasi ya akiba. Theluji ifunikapo nchi, hulala usingizi mzito. Mwili wake hupoa na moyo wake hupiga polepole. Lakini kila baada ya siku chache huamka, akala katika akiba yake, akalala tena. Hategemei mafuta ya mwili wake, kama wafanyavyo wanyama wengine walalao wakati wa baridi. Asipoweka akiba wakati wa mavuno, atakufa njaa.

Mwaka 1811 mtaalamu Mjerumani, Illiger, alimpa jina Tamias. Ni neno la Kiyunani, maana yake mtunza ghala, yule awagawiaye watu wa nyumbani posho yao. Je, jina hili lamfaa? Kutunza, anatunza kweli; bali kugawa, hagawi. Hukaa peke yake, na mwenziwe akikaribia shimo humfukuza. Sisi hatumlaumu, kwa kuwa hakupewa amri ya kumpenda jirani. Sisi tumepewa.

Wako wasemao kwamba kuweka akiba ni kukosa imani. Sivyo. Yusufu alikusanya nafaka miaka saba, na njaa ilipokuja akazifungua ghala (Mwanzo 41). Yule tajiri wa Luka 12 naye alikuwa na ghala, wala ghala si kosa lake. Kosa lake ni hili: katika shauri lake lote hakumtaja Mungu wala jirani.

Basi, ndugu, mwaka wa njaa haupigi hodi. Avunaye asiuze yote sokoni, wala asiyamalize kwa karamu, watoto wake wakalia mwezi wa kupanda. Tena mjane ajapo na kikapu kitupu, asikute mlango umefungwa. Akiba isiyo na mlango kwa jirani ni shimo la kindi tu.

Maswali kwa walimu na wanafunzi:

1. Kindi huyu atufundisha nini, na katika neno gani tusimfuate?
2. Ghala ya Yusufu na ghala ya tajiri zatofautianaje?
3. Katika mtaa wetu, ni nani atakayekosa chakula kabla ya mavuno, na tumemwekea nini?