Mitaji ya Japan na China Ughaibuni: Maswali Yenu

Tangu ile video ya grafu ya nguzo za rangi zinazokimbizana ianze kuzunguka kwenye simu, barua kuhusu mitaji ya Japan na China katika nchi za nje hazikatiki. Nimechagua zinazonikera na zinazonitia wasiwasi.

Ni kweli China iliipita Japan mwaka 2016 na mambo yakaishia hapo?

Si kweli. Mwaka 2016 China ilipeleka nje takriban dola bilioni 196, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia kabla ya hapo. Beijing ikashtuka kuona fedha za kigeni zikimiminika kwenye hoteli, majumba ya sinema na timu za mpira za Ulaya, ikabana mlango, na mwaka uliofuata kiasi hicho kikashuka. Mwaka 2018 na 2019 Japan ndiyo iliyoongoza dunia nzima. Lakini msikimbilie kuishangilia pia, maana mwaka 2019 kampuni ya dawa ya Takeda ilikamilisha ununuzi wa Shire kwa dola zaidi ya bilioni 60, na ununuzi huo mmoja uliipandisha nchi nzima. Mtiririko wa mwaka mmoja haumtoi mshindi. Chukua wastani wa miaka mitano, kisha tuzungumze.

SGR na TAZARA ni sehemu gani ya uwekezaji wa China? (Barua kadhaa, kutoka Voi, Mbeya na Nairobi)

Hazimo kabisa, na hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu limeharibu hesabu za watu wengi, wakiwemo waandishi wa magazeti yanayoheshimika.

SGR, reli ya Mombasa hadi Nairobi iliyoanza kubeba abiria 2017, ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China iliyolipia takriban asilimia 90 ya gharama. Deni ni la serikali ya Kenya na reli ni mali ya Kenya. Kampuni ya China ya CRBC ilikuwa mkandarasi: ilijenga, ikalipwa. Treni ya mizigo ikienda nusu tupu, anayeumia ni mlipakodi wa Kenya, benki inasubiri riba yake kwa tarehe ileile. Reli ya TAZARA nayo ilijengwa kwa mkopo wa China, tena usio na riba, na ikakabidhiwa Tanzania na Zambia mwaka 1976. Ulikuwa mkopo wa kidugu kuliko mingi iliyofuata, lakini ni mkopo.

Sasa itazameni Nairobi Expressway, ile barabara ya kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands iliyofunguliwa 2022. CRBC hiyohiyo iliijenga kwa fedha ilizozitafuta yenyewe, na kampuni yake tanzu ya Moja Expressway inakusanya ada kwa muda wa mkataba wa miaka 27 kabla ya kuirudisha serikalini. Madereva wakiikwepa, pengo linaingia kwenye vitabu vya kampuni hiyo. Huo ndio uwekezaji. Viwanda vya vigae vya Twyford pale Kajiado na Chalinze ni uwekezaji. Kiwanda cha betri ambacho Matsushita ya Japan ilikianzisha Dar es Salaam miaka ya 1960 kilikuwa uwekezaji.

Kipimo cha kimataifa ni kwamba mwekezaji awe na angalau asilimia 10 ya kura katika kampuni ya nje. Mkopeshaji wa serikali hana kura hata moja. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wanaoijumlisha SGR upande wa China huiacha nje mikopo ya JICA, shirika la misaada la Japan, iliyojenga kituo cha pili cha makontena bandarini Mombasa. Mizani hiyo imeinama kabla hata ya kuanza kupima.

Kwa nini zaidi ya nusu ya mitaji ya China inaonekana kwenda Hong Kong?

Kwa sababu wizara yao ya biashara huandika kituo cha kwanza cha fedha. Nyingine hupita Hong Kong au Visiwa vya Cayman kuelekea kwingine, na nyingine hugeuka na kurudi China zikiwa zimevaa sura ya mtaji wa kigeni. Jumla ya China ipunguzeni imani kidogo, na orodha ya nchi inazopeleka fedha ipunguzeni zaidi.

Nina takwimu mbili za Japan za mwaka 1989: dola bilioni 67 na dola bilioni 44. Ipi ya uongo?

Hakuna. Ya kwanza ni miradi ambayo kampuni ziliiarifu Wizara ya Fedha, kwa mwaka wa fedha unaoanza Aprili. Ya pili ni fedha zilizotoka kweli, kwa mizania ya malipo, Januari hadi Desemba. Tumia ya pili, na usizichanganye kwenye mstari mmoja wa grafu. Ndicho kipindi ambacho yen, baada ya makubaliano ya Plaza ya 1985 ya kuishusha dola, ilipanda kutoka kama 240 kwa dola hadi kama 120, na mali za Marekani zikawa za bei nusu kwa Mjapani. Mwaka huo wa 1989 Sony ilinunua Columbia Pictures.

Kuna kikundi kinauza "hisa za uwekezaji wa China Afrika" kwa shilingi elfu hamsini. Tujiunge?

Hapana. Ni wezi.

Kwa jumla, nani amewekeza zaidi?

Kwa limbikizo la dola, yaani mitaji yote iliyokwisha kujikusanya nje, China: karibu trilioni 2.9 mwishoni mwa 2023, Japan ikiwa na kama trilioni 2. Kwa uzito ndani ya uchumi wake, Japan, tena kwa mbali: limbikizo lake linakaribia nusu ya pato la taifa, la China halifiki hata moja ya tano. Kumbukeni pia kwamba yen imeanguka tangu 2022, na limbikizo linalokua kwa yen laweza kuonekana limedumaa kwa dola.

Mkiniandikia tena, kila takwimu iwe na mwaka, chanzo, na neno moja kati ya mtiririko na limbikizo. Bila hayo sitaweza kuwajibu.