Haki Kwanza, Kisha Ushirika: Somo kwa Wasimamizi wa Kazi

Mtu anapokabidhiwa watu wa kuwasimamia, wawe vibarua watatu wa shambani au wafanyakazi elfu wa kiwandani, hukabiliwa na swali moja: Atawezaje kuwafanya watende kazi kwa moyo, wala si kwa kuliogopa jicho lake tu? Wako wajibuo upesi, "Waongezee mshahara." Wengine husema, "Wahimize kwa maneno mema; mwenye imani hatazami fedha." Majibu yote mawili yana sehemu ya ukweli, lakini kila moja likishikwa peke yake hupotosha. Na tuyapime kwa mifano miwili iliyotokea.

Mfano wa kwanza ni wa Marekani. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford, huko Highland Park karibu na Detroit, kilianza utaratibu mpya. Gari lilisogezwa mbele ya wafanyakazi, na kila mmoja alirudia tendo lile lile dogo kutwa nzima. Magari yaliongezeka, lakini watu walichoka wakaondoka. Katika mwaka huo ilibidi kuandikwa watu zaidi ya 50,000 ili kiwanda kisikose wafanyakazi wapatao 14,000. Ndipo Januari 1914 Ford akatangaza kwamba malipo ya siku, yaliyokuwa chini ya dola 2 na nusu, yangefika dola 5, na saa za kazi zingepungua kutoka 9 hadi 8. Matokeo yalionekana upesi: walioacha kazi wakawa wachache sana, na utoro ukapungua.

Kwa hiyo asidhani mtu kwamba ujira ni jambo dogo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya nyongeza ile ilikuwa na masharti. Wakaguzi walitumwa majumbani kuuliza kama mfanyakazi anakunywa pombe, kama anaweka akiba, na kama nyumba yake ni safi. Wengi walichukizwa, na Ford mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1922, alikubali kwamba kudadisi mambo ya faragha ya wafanyakazi kumepitwa na wakati. Fedha ziliizuia miguu isiondoke. Lakini moyo wa mtu haununuliwi pamoja na saa zake.

Basi moyo hupatikana kwa njia gani? Tutazame kazi nyingine, iliyofanywa bila ujira wowote. Katika mwaka wa 5 wa Hijra, yaani mwaka 627, jeshi la watu wapatao 10,000 lilikuwa likiujia mji wa Madina, na Waislamu walikuwa kama 3,000 tu. Salman Mwajemi r.a., mgeni aliyetoka Uajemi, alishauri lichimbwe handaki, jambo ambalo Waarabu hawakulizoea. Mtume Mtukufu s.a.w. aliusikiliza ushauri huo akaukubali. Kisha aliigawa kazi: imepokewa kwamba kila watu kumi walipewa dhiraa arobaini. Hivyo kila kundi lilijua mwanzo na mwisho wa wajibu wake.

Ulikuwa wakati wa baridi na njaa. Mtume s.a.w. hakukaa kivulini akitoa amri, bali alibeba udongo pamoja nao hata vumbi likamfunika tumbo. Walipokutana na mwamba uliowashinda, walimwita yeye, naye alikuja akaupiga, hali amefunga jiwe tumboni kwa sababu ya njaa. Mwenye haja ya lazima aliomba ruhusa, akapewa, kisha akarudi kazini. Jabir r.a. alipomwalika kwa siri, yeye na watu wachache, kula mbuzi mdogo na shayiri kidogo, Mtume s.a.w. aliwaita wachimbaji wote, na kwa baraka ya Mwenyezi Mungu wote wakala. Ni nani atakayemtegea kiongozi wa namna hiyo?

Lakini hapa yapasa tujihadhari. Yuko tajiri atakayesoma habari hii akawaambia vibarua wake, "Fanyeni kazi kama watu wa Handaki," naye amezuia mishahara yao miezi miwili. Huyo ameigeuza dini kuwa fimbo. Watu wa Handaki walikuwa wakilinda nyumba na watoto wao wenyewe. Hawakuwa wakimjazia mtu mwingine ghala yake. Kuhusu mtu wa kuajiriwa, Mtume huyo huyo s.a.w. aliamuru alipwe kabla jasho lake halijakauka, tena alionya kwamba atumiaye kazi ya mtu kisha asimlipe, Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mshitaki wake Siku ya Kiyama.

Basi mpango ni huu: haki kwanza, kisha ushirika. Asiyelipa hana haki ya kuhimiza. Na aliyelipa asidhani amemaliza. Wakubwa wa kazi hupenda kulalamika kwamba fadhila za punda ni mateke. Lakini mfanyakazi si punda, na ujira wake si fadhila, ni deni.

Kila msimamizi ajiulize jioni ya leo: Je, nimelipa kwa wakati? Je, kila mtu anajua mpaka wa kazi yake? Je, nimewahi kupokea shauri la mtu mdogo? Penye mwamba mgumu, huniita wakitumaini msaada, au huficha wakiogopa matusi? Na chakula kinapokuwa kichache, nakula peke yangu?

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa waaminifu juu ya wale waliowekwa chini ya mikono yetu. Amin.